Jina Langu la Ngoma

Nilizimia mara mbili mbele ya maiti ileile, na hapo ndipo udaktari wangu ulipoishia. Mara ya kwanza wenzangu walinimwagia maji. Mara ya pili walinikalisha nje kwenye ngazi, na mwalimu wa anatomia, mzee mpole, akaniambia bila kucheka kwamba Mungu amewagawia watu kazi mbalimbali. Wiki iliyofuata nilihamia kitivo cha uhandisi, jengo la pili kutoka pale, ambako vitu tulivyovipasua vilikuwa redio, na redio haitoki damu. Nilikuwa na furaha kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Shida ilikuwa moja tu: sikumwambia baba.

Ili uielewe shida hiyo inabidi umjue baba. Alikuwa mkulima wa maharage katika milima ya Masisi. Nilipokuwa mdogo tumbo lake lilivimba, vijana wakambeba kwa machela siku mbili, wakiteremka mpaka Kirotshe, kwenye lopitali, yaani hospitali, iliyo kando ya ziwa. Nyumbani watu walikuwa wameshaanza kubishana achimbiwe wapi. Baada ya mwezi alirudi akitembea, amepanda milima yote kwa miguu yake mwenyewe, na machela tupu ameibeba begani. Walipomuuliza ya nini, alisema miti yake ilikuwa bado mizima, kwa nini aitupe? Siku hiyohiyo aliamua kwamba mmoja wa watoto wake atakuwa dokta. Kidole kiliniangukia mimi kwa sababu katika kupalilia nilikuwa hodari wa kung'oa maharage na kuacha magugu.

Sasa utamwambiaje mtu kama huyo kwamba ulianguka chini kwa kuona maiti? Barua zangu kutoka Kinshasa alisomewa na katekista, na kila moja ilisema masomo yanaendelea vizuri. Ilikuwa kweli. Ukinipima kwa mizani ya katekista sikuwa nimeandika uongo hata mmoja. Lakini miaka minne ilipita hivyo, nami nikawa msaidizi wa mwalimu katika kitivo cha uhandisi, huku kijiji kizima kikiniita dokta.

Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea mwisho wakati mwalimu wangu mkuu alipoidhinisha safari yangu ya utafiti. Watu wengi wameniuliza maishani kazi yetu ni nini hasa, na jibu langu ni la jikoni. Mtu anasema jambo. Njiani upepo unaongeza lake, mvua yake, majirani yao. Sisi tunakaa upande wa pili, tumeshika mchanganyiko huo wote, na tunajaribu kutoa ya upepo, ya mvua na ya majirani ili libaki lile la mwenyewe. Wenzangu walijifunza hayo kwa simu na redio. Mimi niliomba kujifunza kwa ngoma za Walikale, zile za gogo zinazopeleka habari msituni kutoka kijiji hadi kijiji. Nilihitaji kunasa habari moja ikiwa karibu na ngoma, kisha niinase tena ikiwa imetoka mbali, imeshachoka na kuchafuka, nilinganishe.

Nilipewa manyetofoni, chombo cha kunasa sauti kwenye kanda, kizito kama ndama, pamoja na betri za kutosha na vikombe viwili vya kuvaa masikioni. Kwa hiyo safari ilikuwa na kazi mbili: kunasa ngoma, na kumwambia baba. Ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi.

Nilijaribu jioni ya kwanza. Mvua ilikuwa inapiga mabati, yale mabati ambayo baba alijivunia kuliko ng'ombe zake, na sisi wawili tulikuwa tumekaa kwenye viti vyetu, sahani ya maharage na ndizi katikati. Nilisema kwa sauti ya chini, nikiangalia sahani. Nikasema kwamba udaktari niliuacha, kwamba ninasoma umeme na sauti, kwamba anisamehe. Nilipoinua macho, baba alikuwa ananitazama mdomoni. Akaitikia kwa kichwa.

"Muzuri," akasema. "Muzuri sana, mutoto wangu."

Kisha akainuka kwenda kuangalia kama mlango wa zizi umefungwa. Nililala kama mtoto mchanga. Asubuhi nikaamka nikamkuta uani na jirani yetu mwenye jicho jekundu, akimwambia kwa sauti kubwa kwamba asiogope, dokta ataliangalia jicho akishakunywa chai.

Niliosha jicho lile kwa maji ya uvuguvugu na chumvi. Moyoni nilisema basi, mzee amekataa. Amesikia na ameamua kutosikia, na mzazi akiamua kutosikia utampigia tarumbeta? Niliona pia kwamba siku hizi anazungumza kwa kelele na kwamba kila mara anakaa mimi nikiwa upande wake wa kulia. Nilidhani ni maringo ya baba ambaye mwanawe amerudi na sanduku la ngozi.

Siku ya tatu mjomba wangu, kaka wa mama, alikuja na kamio yake, lori la mizigo, kunichukua. Alikuwa mfanyabiashara wa mawese, anazijua njia zote za Walikale, na alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: hakuweza kukutana na watu wawili bila kuwaambia anahusiana na nani. Tulipita Nyabiondo, milima ikaanza kushuka, ubaridi ukaisha, na msitu ukatufunika. Katika kila kituo nilimsikia akimwambia mtu mpya kwamba kijana aliye ndani ya kamio ni dokta, mpwa wake wa damu.

Kijiji tulichokiendea kilikuwa saa moja ya mguu kutoka barabarani. Mwenye ngoma alikuwa mwindaji mfupi, mkavu, mwenye macho ya kutulia. Jumapili alisali kanisani kama wengine, na siku nyingine alitunza gogo la babu zake chini ya kibanda kilichojengwa kwa ajili yake. Lilikuwa gogo la mti mwekundu, limechimbwa ndani kupitia ufa mmoja mrefu, na lina midomo miwili: mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine ya chini. Nilimpa chumvi na sabuni nilizomletea, nikafungua manyetofoni yangu mbele ya kijiji kizima, nikamwomba apige.

Aliniuliza apige nini. Nikamwambia chochote tu, mapigo kumi yanatosha, nataka kujaribu chombo.

"Chochote haiko habari," akasema. "Ngoma haipigwake bule, mutoto. Batu banaachaka nyama mu pori juu ya kuisikiliza."

Nilimweleza sayansi. Nilimweleza kwamba mapigo mafupi yanayofanana ndiyo bora kwa kupima. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza kama katika shule yetu watu hupiga kengele ya moto ili kusikia tu kama inalia. Kijiji kikacheka. Nami nikacheka.

Akasema habari ipo, tena ni mimi mwenyewe. Mgeni amefika, vijiji vinapaswa kujua. Ila mgeni haingii kwenye ngoma bila jina la ngoma, na jina hilo lazima liseme ni mtoto wa nani na anafanya kazi gani. Mjomba hakungoja kuulizwa. Alisimulia habari za machela tangu tumbo kuvimba mpaka baba kurudi, akaongeza na mvua ambayo haikunyesha. Mwenye ngoma alifumba macho, midomo ikicheza, akatoa neno: mtoto wa yule wa milima ya maharage, aliyekwenda amebebwa, akarudi anatembea, machela begani.

Nilimwambia ni ndefu sana. Nikapendekeza tukate: mtoto wa mtu wa milimani, basi. Alinitazama kwa huruma. Ngoma ina sauti mbili tu, akanieleza, na neno fupi likipita peke yake linafanana na ndugu zake mia. Radi ikilikata limekufa. Neno refu ukilikata mguu, kichwa kinabaki, na msikilizaji anajua mguu ulikuwa wapi. Niliandika maneno hayo kwenye daftari kama kichekesho cha kuwasimulia wenzangu. Miaka kadhaa baadaye niliyafundisha kwa hesabu ubaoni, nikiwa nimevaa tai.

"Na kazi yake?" mwenye ngoma akauliza.

"Ni dokta," akasema mjomba.

Wote walinigeukia. Hapo ndipo palikuwa pahali pa kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, pumzi imeshaingia. Lakini nilimwona mjomba anavyong'aa, nikafikiri: ni ngoma tu, ni jaribio tu, nani atanidai? Nikainama nikakaza kifundo cha manyetofoni ambacho hakikuwa kimelegea.

Alfajiri, hewa ikiwa bado baridi na sauti inakwenda mbali, alipiga. Nilisimama hatua tatu kutoka kwenye gogo na kunasa kila pigo: jina lote la baba, na baada yake kazi yangu, mwenye kuwasha tena moto unaozimika ndani ya mwili. Halafu tulisikia, kwa mbali sana, kijiji kingine kikiipokea na kuipitisha mbele. Nywele zilinisimama kwa furaha. Nilimwomba arudie kesho yake, nami niwe mbali, ili nipate sehemu ya pili ya kipimo changu. Akakataa. Habari ikishajulikana si habari tena, na ngoma ikiisema mara ya pili watu watadhani kuna mgeni mwingine.

Basi nikakaa siku mbili nikijiuliza nifanyeje. Siku ya tatu asubuhi nilitoka nje kupiga mswaki nikakuta watu.

Walikuwa wamekaa chini kwa utulivu kuanzia mlango wangu mpaka kwenye migomba. Mzee aliyefunga taya kwa kitambaa. Mama mwenye mapacha wanaokohoa kwa zamu. Msichana mwenye kidole kilichovimba, bibi aliyekuja kwa sababu mume wake hasikii ushauri, na kijana wa uwindaji aliyelazwa kwenye majani, mguu umejaa kama shina la mgomba. Wengine walikuwa wametembea tangu jana. Walileta kuku, ndizi, asali ya msituni iliyofungwa kwenye majani. Mama wa mapacha alinisalimia kwa mikono miwili, akanishukuru kabla sijafanya lolote.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imekwisha pale mlangoni, mswaki mkononi. Nilitaka kukimbia; nilipima kwa macho umbali wa kufika kwenye migomba. Kilichonizuia ni ule mguu. Hata mtu anayezimia mbele ya maiti alijua kwamba mguu ule hauoshwi kwa maji ya chumvi.

Nikawaambia. Safari hii sikuangalia sahani. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba mimi si dokta, sikuwahi kuwa dokta, ninasoma sauti, na nilinyamaza ilipotakiwa niseme. Hakuna aliyenitukana. Mzee wa taya akauliza kama basi angalau chombo changu kinang'oa meno.

Aliyekasirika ni mwenye ngoma. Alikuja akasimama karibu nami, akaongea polepole, na polepole ile iliniuma kuliko kelele.

"Umesemesha bababu zangu bongo, maneno ya uongo," akasema. "Miye niko na kinywa yangu, naweza kudanganya kama muntu yote. Ile gogo haiko kinywa yangu."

Nilimwomba msamaha, nikimaanisha kila neno. Akasema msamaha wa mdomo ni wangu na wake, lakini ngoma inarekebishwa kwa ngoma. Kwao aliyeisemesha uongo anakaa chini kando ya gogo, anaweka viganja vyote viwili juu ya ubavu wake wakati inapigwa upya, ili mwili wake usikie kile ambacho mdomo wake ulikataa kusema. Na habari ya masahihisho inaanza na jina lilelile, lote, ili watu wajue ni nani.

Jina lilelile, lote! Aibu yangu ilikuwa kubwa, lakini mhandisi ndani yangu alisimama wima. Nilikuwa na jina la baba limenaswa kwa karibu. Sasa litapigwa tena. Kama mtu angekaa mbali, ameshika manyetofoni, ningepata kipimo changu. Ila mimi nilitakiwa kukaa na viganja kwenye gogo, na katika kijiji kizima mtu pekee aliyewahi kugusa kitufe cha mashine yoyote alikuwa mjomba, ambaye aliwasha kamio kila asubuhi.

Nilimfundisha jioni nzima. Bonyeza hapa, usiguse pale, na zaidi ya yote, mjomba, usiseme. Aliapa. Alfajiri aliondoka na vijana wawili wa kumbebea chombo, saa moja ndani ya msitu, mpaka kijiji kilichofuata. Mimi nilikaa kando ya gogo. Sijui kueleza vizuri jinsi sauti inavyopanda kwenye mifupa ya mikono. Mtoto wa yule wa milima ya maharage, aliyekwenda amebebwa, akarudi anatembea, machela begani: nililisikia jina la baba kwenye viwiko, kwenye meno. Kisha likafuata langu jipya. Hawashi moto wa mwili. Anatafuta sauti iliyopotea katika makelele. Wagonjwa warudi nyumbani, kosa si la ngoma, ni la mdomo wake.

Mjomba aliporudi alisema kila kitu kimekwenda sawa. Nikavaa vile vikombe masikioni, nikasikiliza. Ngoma ilikuwepo, kwa mbali, nzuri, imetafunwa na msitu kama nilivyotaka. Na juu yake alikuwepo mjomba. Alikohoa. Alimfukuza jogoo, jogoo akajibu. Kisha nikamsikia waziwazi akiwaambia watu wa kijiji kile, "Munasikia? Ule wanasema pale ni mupwa wangu, dokta," wakati uleule ambapo ngoma ilikuwa inasema si dokta. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Niseme ukweli wote: utafiti wangu wa maisha, uliokuja kunipa jina la profesa, ulianza na jitihada ya kumwondoa mjomba kwenye kanda.

Lakini jioni hiyo mwenye ngoma, ambaye hasira yake ilikuwa imetulia, aliniambia jambo lililonifuta kicheko. Kwao, habari yenye jina la mtu ndani yake haisimami njiani. Kila kijiji kinaipitisha mbele mpaka imfikie mwenye jina. Jina lililotangulia pale lilikuwa la baba. Na ngoma inapoishia, mwisho wa msitu, watu wa milimani wanaipokea kwa mdomo na kuitupa kutoka kilima hadi kilima.

Nikamwambia mjomba tuondoke. Akasema kesho, mawese hayajafika. Nikamwambia tuondoke sasa. Tukampakia yule kijana wa mguu kwa ajili ya lopitali ya Kirotshe, mjomba akasikitikia mawese yake, tukaingia njiani: mtaalamu wa sauti akijaribu kuishinda sauti kwa kamio. Daraja moja lilikuwa limeoza, tukakata miti. Kwenye tope karibu na Nyabiondo tulikwama siku nzima. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote. Nilitaka baba ayasikie kutoka kwangu, kwa mdomo wangu, kabla mlima haujamwambia. Hilo tu ndilo nililoliomba njia nzima.

Tulifika mchana. Baba alikuwa ukingoni mwa shamba, amekaa juu ya mpini wa jembe, na nilipomwona tu nilijua nimeshindwa. Hakuinuka. Mjomba, ambaye siku ile kwa mara ya kwanza alielewa wakati wa kunyamaza, alibaki kwenye kamio na mgonjwa.

Baba alinitazama, akaanza kusema polepole, kwa Kihunde, lugha yetu ya nyumbani, neno baada ya neno. Mtoto wa yule wa milima ya maharage, aliyekwenda amebebwa, akarudi anatembea, machela begani. Hawashi moto wa mwili. Anatafuta sauti iliyopotea katika makelele. Alisema yote, mpaka pale kwenye mdomo wangu na kosa langu. Habari ile ilikuwa imepita ngoma nyingi na vinywa vingi, imebadilishwa lugha njiani, imevuka msitu na milima, na haikupungua kitu. Hata katika siku ile mbaya sehemu moja ya kichwa changu iliduwaa.

"Juu ya nini haukuniambia?" akauliza.

Nilisogea nikapaza sauti. Nikamwambia nilimwambia. Siku ya mvua, mbele ya sahani ya maharage, nilimwambia yote na yeye akasema vizuri sana.

Baba akainua mkono akagusa sikio lake la kushoto, halafu la kulia, kama mtu anayehesabu ng'ombe waliokufa.

"Siku ile niliona midomo tu," akasema. "Masikio yangu inakufa, mutoto wangu. Hii ni mwaka ya tatu. Sikutaka uhangaike na masomo. Nilisema, dokta akirudi ataangalia."

Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua, na pale ukingoni mwa shamba tulikuwa waficha maradhi wawili. Nililia. Sioni haya kuandika hivyo. Nililia kwa sababu ya zile barua, na kwa sababu mzee huyu alikuwa ameningojea miaka mitatu ndani ya ukimya wake, na mimi nimemrudia na sanduku la waya. Nikamuuliza, mdomo karibu na sikio lake, basi ilikuwaje akaisikia habari ya mlimani. Akasema mama mmoja wa kilima cha mbele aliirusha mara tatu. Mara ya kwanza baba alishika neno machela peke yake. Mara ya pili akashika kubebwa na maharage. Mara ya tatu alikuwa ameshajua ni yeye anayetajwa, na yaliyobaki yakaja yenyewe.

"Ungeniambia murefu vile," akasema, "ningesikia."

Nilikimbia kwenye kamio, nikashusha manyetofoni, nikaiweka juu ya matuta ya maharage. Nilimvika vile vikombe juu ya kofia yake, nikaona haviingii, nikaivua kofia. Niliweka kanda ya kwanza, ile ya karibu, nikazungusha kifundo cha kuongeza sauti mpaka mwisho, mpaka mimi mwenyewe niliyekuwa nje nikasikia mapigo yakichirizika.

Baba aliruka kidogo. Kisha akatulia kabisa, macho yametoka, mikono miwili imeshika masikio. Nilimwandikia kwa kidole kwenye udongo kila neno la ngoma lilipopita, na ingawa hakujua kusoma, alifuata kidole. Kanda ilipoisha alizungusha mkono hewani: tena. Tulirudia mara nne. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepanda mlima kutoka Kirotshe.

Halafu nikamwekea ile ya pili, ya mbali. Alisikiliza, akakunja uso, akasogea mbele. Ghafla akaanza kucheka, cheko kubwa la tumbo ambalo sikuwa nimelisikia tangu utoto.

"Huyu mwenye kukohoa," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kilima cha pili, "si shemeji yangu?"

Mjomba aliyekuwa kwenye kamio alijificha nyuma ya usukani. Nilimweleza baba kwa ishara na kelele kwamba hayo ni makelele tu, kwamba kazi yangu ni kuyatoa, na nikirudi Kinshasa nitayatoa yote, ibaki ngoma safi. Baba akanishika mkono.

"Acha yote," akasema. "Miaka mitatu sijamusikia akikohoa."

Niliyatoa, kwa ajili ya tasnifu. Ilinichukua karibu mwaka mzima kulisafisha jina la baba, pigo kwa pigo, na wakaguzi waliponiuliza mawimbi yale kwenye karatasi yanaonyesha nini, nilijibu kwamba ni baba yangu na machela yake. Walidhani ni utani, wakacheka, wakanipitisha. Lakini kanda yenyewe sikuigusa. Iko kabatini na jogoo wake na mjomba wake. Yule kijana wa uwindaji alitibiwa Kirotshe, akarudi Walikale kwa miguu yake, na mwenye ngoma akanitumia asali.

Kitu cha kwanza nilichokiunda kwa mikono yangu baada ya hapo kilikuwa kisanduku cha mbao cha kukuza sauti, chenye waya wa kwenda sikioni. Baba alikivaa kanisani kila Jumapili na kukizima wakati wa mahubiri. Kwa watu wengine alikihitaji. Kwangu alikikataa, alisema mimi nilishafundishwa namna ya kusema naye. Basi kila nilipokwenda nyumbani, msaidizi, kisha mhadhiri, kisha profesa mwenye mvi, niliweka mizigo chini kwenye kona ya shamba na kulitaja jina lake lote kwa pumzi moja, kubebwa, kutembea, machela begani, naye kule juu alikuwa ameshainua mkono kabla sijafika kwenye machela.